Jumba la Mtwana na Vyumba vya Majengo

Imekuwa ada kwa vyama vya Kiswahili vya vyuo vya Nairobi kuandaa, hali ikiruhusu, ziara ya mwambao. Basi hukodiwa, michango hukusanywa kwa taabu, mlezi wa chama huombwa aandamane na msafara, na jioni ya Ijumaa safari hung'oa nanga. Usiku kucha huwa ni nyimbo, mizaha na usingizi wa kuegemeana mabega. Alfajiri huwakuta wasafiri Mariakani. Jua likichomoza wapo Mombasa, na asubuhi ingali mbichi wamekwisha kulivuka daraja la Mtwapa. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017 wapo wanaokwenda kwa garimoshi, lakini ratiba haijabadilika sana: mchana mmoja wa kuyaona magofu, kisha kurudi.

Wengi wa wasafiri hawa ni wana wa Eastlands. Wamelelewa Kayole, Dandora, Umoja, Buruburu, Jericho au Kaloleni, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiona bahari. Hapana ubaya wowote mwanafunzi akikimbilia maji kabla ya kuyatazama mawe. Bahari ina haki yake, na mhadhiri anayekasirika kwa sababu ya jambo hilo amesahau ujana wake. Linalofaa kuulizwa ni jingine: wakisharudi, wanafunzi hawa huwa wamejifunza nini kuhusu lugha wanayoisomea shahada?

Jumba la Mtwana, kaskazini kidogo ya mji wa Mtwapa, ndilo gofu linaloweza kuzuriwa kwa urahisi zaidi na msafara wenye siku moja. Ni mji uliojengwa kwa mawe ya tumbawe na chokaa mnamo karne ya 14, ukahamwa katika karne iliyofuata. Sababu ya kuhamwa haijulikani kwa hakika. Wapo wanaotaja kudorora kwa biashara, wapo wanaotaja uvamizi, na wapo wanaosema visima viliharibika. James Kirkman, mtaalamu aliyekuwa ameanza kuchimbua Gede mwaka 1948, aliufukua mji huu mwaka 1972. Mgeni hupita chini ya mibuyu, akaziona kuta za nyumba, visima, vyoo vilivyochimbwa kwa ustadi, na kaburi lenye maandishi ya Kurani. Mwishoni, ufukoni kabisa, kuna msikiti unaoitazama bahari kwa karibu mno hivi kwamba mawimbi yakichafuka mtu huweza kudhani yanataka kuingia ndani. Birika la kutawadhia lingalipo, na karibu nalo mawe ya tumbawe ya kusugulia miguu. Ubavuni mwa msikiti huo wachimbuaji walitambua dalili za chumba kilichotengewa wanawake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupigia picha. Mahali penyewe pana haiba, na anayesimama pale hukumbuka picha za mahekalu ya Wayunani alizoziona vitabuni: nguzo nyeupe, anga, na bahari nyuma yake. Mlinganisho huo si mbaya, na unafaa kufuatwa hadi mwisho wake. Katika rasi ya Sounion, takriban kilomita 70 kutoka Athens, limo hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, lililojengwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Watalii huondoka Athens asubuhi, wakalitazama, wakarejea kabla ya usiku, kama wafanyavyo wanafunzi wa Nairobi kule Mtwapa. Hekalu hilo limepoteza paa, limepoteza kuta, na nguzo zake nyingi zimeanguka. Hata jina la Byron, yule mshairi Mwingereza, limechongwa katika nguzo mojawapo, ishara kwamba uhuni wa kuandika majina ukutani si wa wanafunzi wa Kenya peke yao. Lakini jina la mahali halikupotea. Sounion imetajwa na Homer katika utenzi wa Odisei, karne nyingi kabla ya nguzo hizo kusimamishwa. Mungu aliyeabudiwa pale anajulikana, na kila sehemu ya hekalu ina jina katika lugha ya waliolijenga.

Sasa na arudi msomaji Mtwapa. Mji huu waliokaa ndani yake waliuitaje? Hakuna ajuaye. Hakuna hati ya kale iliyopatikana inayoutaja. “Jumba la Mtwana” ni jina la baadaye, jina la watu waliokuta kuta zimekwisha kumezwa na msitu, wakabuni maelezo yao kuhusu mtumwa aliyemiliki jumba, au aliyefungwa humo, au aliyeuzwa hapo. Na nyumba zenyewe je? Moja huitwa Nyumba ya Jiko, nyingine Nyumba ya Milango Mingi. Haya ni majina ya wachimbuaji, yaliyobuniwa kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya ramani na ripoti zao. Kule Gede, mji ulioorodheshwa miongoni mwa turathi za dunia mwaka 2024, hali ni hiyo hiyo: nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, hii ya mkasi, ile ya sarafu za Kichina. Mkasi ulioanguka siku moja, ukafunikwa na vumbi, ndio ulioirithi nyumba, ilhali jina la mwenyewe limezama. Wachimbuaji hawastahili kulaumiwa kwa hilo, kwani walihitaji kutofautisha nyumba na nyumba na hapakuwa na wa kumwuliza.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hupita katikati ya ukimya huo bila kushtuka. Huyanakili majina yale daftarini, akayaeleza katika ripoti ya ziara, akapewa alama. Yeye, ambaye amefundishwa isimu na leksikografia, ndiye angekuwa wa kwanza kung'amua kuwa anatazama mji uliobakiwa na kuta ukapoteza msamiati wake.

Na kwa mwana wa Eastlands kuna la ziada. Hebu na asimame mbele ya hiyo Nyumba ya Milango Mingi. Wachimbuaji, walipoona vyumba vilivyogawanyika, kila kimoja kikijitegemea kwa mlango wake na mahali pa kujisafishia, walidhani kuwa huenda ilikuwa nyumba ya kupangisha wageni. Mtaalamu alihitaji kupima na kukisia ili kufikia dhana hiyo. Mtu aliyekulia Pumwani angeifikia kwa kutupa jicho. Yeye anaijua nyumba ya vyumba: korido inayopasua kati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ua wa nyuma wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Anajua kuwa mwenye nyumba huchukua chumba cha mbele ili aone nani anaingia na nani anatoka. Anajua zamu za kufagia korido, ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, na heshima ya kubisha hata pasipokuwa na mlango bali pazia tu.

Hiyo ndiyo nyumba ya Majengo. Pumwani ilianzishwa miaka ya mwanzo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wa Nairobi wakusanywe mahali pamoja. Jiji lilitoa viwanja, wakazi wakajijengea wenyewe kwa miti na udongo, wakaezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa, na mtindo waliouchagua ulikuwa ule wa nyumba ya Waswahili. Kwa hiyo, kilomita takriban 500 kutoka baharini, mwambao ulikwisha kufika Nairobi kabla ya somo la Kiswahili kuwa na idara chuoni. Ulifika kwa miguu ya wapagazi, askari, wapishi na wafanyabiashara, na kwa wanawake waliojinunulia uhuru wa kuishi peke yao.

Wanawake hao ni mfano mzuri wa linalotetewa hapa. Inajulikana leo kwamba sehemu kubwa ya nyumba za Pangani ya kale na za Pumwani zilimilikiwa na wanawake, wengi wao Waislamu, wengine wakiwa wamezijenga kwa fedha walizochuma kwa kazi ambayo jamii iliidharau. Inajulikana kwa sababu mwanahistoria Luise White alikwenda miaka ya 1970 akawaketisha wazee wa mitaa hiyo akawauliza, na matokeo yake ni kitabu kilichotoka mwaka 1990. Kule Jumba la Mtwana mawe yamesema kwamba huenda wanawake walikuwa na chumba chao msikitini. Je, walimiliki nyumba? Walipangisha vyumba? Walirithisha mabinti zao? Mawe hayana jibu. Tofauti baina ya miji hii miwili haitokani na uthabiti wa kuta, maana kuta za Mtwapa zilikuwa imara kuliko udongo wa Majengo kwa mbali sana. Imetokana na mtu mmoja kuuliza kabla ya wajuzi kufa. Na hapa inafaa mwanafunzi wa Kiswahili ainamishe kichwa kidogo, maana aliyeuliza alikuwa mgeni kutoka Marekani, na majibu ya wale mabibi yalichapishwa kwa Kiingereza.

Kwamba Mswahili mwenyewe anaweza kuifanya kazi hii si jambo la kubahatisha. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliona kwamba mafundi wa vyombo vya baharini wanapungua na maneno yao yanazama pamoja nao. Hakulalamika tu barazani. Alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, akaijenga jahazi kwa beti, ubao kwa ubao, kila kipande kikitajwa kwa jina lake. Miaka michache baadaye, mwaka 1985, alitoa Umbuji wa Mnazi, akaufanyia mti huo vivyo hivyo. Nyumba za mawe za Lamu nazo zilipata bahati ya kuandikwa zingali zikikaliwa, na ndiyo sababu leo mtu anaweza kusema daka, kiwanda, msana, ndani, zidaka, akajua ni sehemu gani ya nyumba na ni nani aliruhusiwa kukaa hapo. Maneno hayo hayakuchimbuliwa ardhini. Yaliulizwa kwa watu.

Ni nani basi amewauliza watu wa Kaloleni? Mtaa huo, wenye jina lile lile la mji wa Kaloleni ulioko Kilifi, ulijengwa miaka ya 1940 kwa nyumba za mawe na vigae vyekundu, ukawa na ukumbi ambao wanasiasa wa miaka ya 1950 waliunguruma ndani yake. Ni nani amewauliza watu wa Ziwani, wa Bahati, wa Kariokor, jina ambalo ni ulimi wa Kiswahili ukiwakumbuka wapagazi wa jeshi waliokufa kwa maelfu? Ramani ya Eastlands ni mkusanyiko wa historia kwa Kiswahili. Yapo majina ya mwambao, kama Pangani. Yapo ya matumaini, kama Umoja na Uhuru. Yapo ya mashaka, kama Shauri Moyo. Upo pia mtaa wa Mbotela, uliopewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952. Mtu huyo alikuwa wa ukoo ule ule wa Freretown uliomtoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934 ambacho kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amepata kukisikia. Yaani kijana anaweza kuishi Mbotela, akasoma Mbotela darasani, akasafiri usiku kucha kwenda kulitazama Jumba la Mtwana, na asipate mtu wa kumwonyesha kuwa mambo haya matatu yana uhusiano.

Suala hili lingeweza kusubiri kama mitaa ingesubiri. Haisubiri. Kijiji cha kwanza cha Pangani kilibomolewa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Karne hii nyumba za jiji zilizojengwa baadaye Pangani nazo zimebomolewa ili kupisha maghorofa. Mwaka 2025 wakazi wa Makongeni, mtaa wa kale wa wafanyakazi wa reli, walianza kufungasha virago kwa ajili ya mradi wa nyumba za bei nafuu. Kama maghorofa hayo ni heri au shari ni mjadala wa jukwaa jingine. Mtu aliyepanga foleni ya choo kimoja na familia kumi hawezi kulaumiwa akitamani choo chake. Lakini ghorofa litakapokamilika, korido haitakuwapo, wala ua, wala kibaraza cha kucheza bao, na majina ya vitu hivyo yatadumu kwa muda wa kizazi kimoja vinywani mwa waliohama, kisha basi.

Yamkini wapo wahadhiri watakaosema kwamba hayo si majina ya Kiswahili. Ploti, korido, geti, landilodi, keja: haya ni makombo ya Kiingereza na Sheng, na chama cha Kiswahili hakikuundwa ili kuyatukuza. Hoja hii husikika mara nyingi, na ina uzito wake katika mtihani wa insha. Katika uchunguzi wa lugha haina uzito. Birika na mihrabu, maneno yanayotamkwa kwa staha ndani ya magofu, yalitoka Uarabuni. Gereza lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na safari ya neno hilo kutoka madhabahuni hadi kwenye pingu inasimulia enzi ya Wareno pengine kuliko kuta za Ngome ya Yesu. Laiti mtu mmoja wa Mombasa wa wakati huo angeandika ni lini na kwa nini watu walianza kulitumia neno hilo hivyo, wanaisimu wangembariki hadi leo. Vivyo hivyo landilodi. Kwa nini mwenye nyumba wa Majengo huitwa mwenye nyumba, na wa ploti ya Kayole huitwa landilodi? Kuna tofauti gani ya uhusiano, ya kodi, ya salamu? Huo ni utafiti wa uzamili uliokaa barabarani ukingoja mtu wa kuuokota.

Pana kichekesho kingine katika kozi ya fasihi simulizi. Mwanafunzi aliyezaliwa Jericho, na ambaye wazazi wake nao walizaliwa Jericho, akiambiwa aende nyanjani hupanda basi hadi Siaya au Murang'a kwa babu asiyemfahamu vyema, ili akakusanye vitendawili kwa lugha anayoisikia kwa shida, kisha avitafsiri. Nyanja yake halisi ameiacha nyuma ya mlango. Mtaa umechukuliwa kuwa mahali pa kulala, na utamaduni ukadhaniwa kuwa uko mwisho wa nauli: kijijini kwa upande mmoja, mwambaoni kwa upande wa pili.

Ziara za magofu ziendelee. Linalopendekezwa ni zipewe mwanzo. Wiki mbili kabla ya basi kukodiwa, wasafiri wagawanywe wawili wawili, waende Pumwani, Kaloleni, Maringo, Mbotela, Jumamosi moja tu, wakiwa na daftari. Nauli ya matatu haiwezi kukishinda chama kinachomudu basi la Mombasa. Wasiende na hojaji ya kurasa sita. Waende na adabu, wamwamkie mwenye nyumba, wakae wanapokaribishwa, kisha waulize maswali mepesi. “Nyanya, sehemu hii huitwaje? Zamani iliitwaje? Nani huruhusiwa kukaa hapa? Mlango huu ulifunguliwa lini na kwa nini?” Wachore nyumba, waandike maneno juu ya mchoro, hata yale ambayo kamusi haiyatambui. Ndipo waende Mtwapa na michoro hiyo mkononi. Wakifika kwenye Nyumba ya Milango Mingi wajaribu kuyapachika maneno yao juu ya kuta zile, waone yapi yanakubali na yapi yanakataa. Mwongozaji wa hapo atakuwa na mengi ya kuwaeleza. Na wao, labda kwa mara ya kwanza, watakuwa na la kumweleza.

Michoro hiyo isitupwe baada ya alama kutolewa. Majarida ya vyama hivi hujaza kurasa kwa mashairi ya kuwasifu walezi na kwa taarifa za uchaguzi wa viongozi. Kurasa nne za msamiati wa nyumba ya Majengo, zenye tarehe na jina la mtaa, zingesomwa baada ya miaka 50 na watu ambao hawatajali hata kidogo nani alikuwa mwenyekiti.

Basi la kurudi hufika Nairobi alfajiri. Huingia Barabara ya Jogoo taa za mitaani zikiwa bado hazijazimwa, likapita Maringo, Mbotela, Makongeni, Kaloleni, na kila baada ya kituo mmoja au wawili huteremka na mifuko yao yenye mchanga. Waliobaki huwa wamelala, vichwa vimeegemea vioo.